Wazee hawakuiacha runinga kwa hiari

Kuna kauli moja ambayo msomaji bila shaka amekwisha kuisikia, pengine kinywani mwake mwenyewe, kwamba vipindi vya runinga vya siku hizi havina utamu wa vile vya zamani. Kauli hii haina mwenyewe. Mzee wa miaka sabini na mitano huitoa akikumbuka enzi za Sauti ya Kenya, kabla shirika hilo halijarudishiwa jina la KBC mwaka 1989. Mtu wa makamo kama mimi huitoa akikumbuka Vitimbi, Vioja Mahakamani na Tausi. La kustaajabisha ni kwamba hata wanafunzi wangu chuoni, vijana ambao wengi wao hawajatimiza miaka ishirini na mitatu, nao huilaumu runinga kwa maneno yayo hayo, wakiililia Tahidi High na Machachari, vipindi ambavyo vilipoanza kurushwa mimi nilikuwa tayari ninalipa kodi ya nyumba.

Haiwezekani utamu huo uwe umekufa mara tatu, na kila mara ufe pale tu anayeuombolezea alipotoka utotoni. Ama kwa hakika, kilichobadilika hapo ni mtazamaji zaidi ya kitazamwacho. Lakini nisiharakishe, maana katika kauli hiyo ya wazee mna lalamiko jingine ambalo halihusiani na kumbukumbu hata kidogo, nasi kwa kulichanganya na la kwanza tumewadhulumu.

Sisi wanaisimu tuna kipimo cha mambo ya aina hii. Mwaka 1963 Mmarekani William Labov alichapisha utafiti wake kuhusu wakazi wa kisiwa cha Martha's Vineyard, akilinganisha matamshi ya watu wa marika mbalimbali. Tangu hapo kila mwanafunzi wa isimujamii hufundishwa kujiuliza swali moja anapoona kijana na mzee wakitofautiana katika usemi. Je, tofauti hii ni ya umri, yaani kijana huyu naye akizeeka atasema kama mzee yule? Au ni ya kizazi, yaani ataingia kaburini na mazoea yake ya ujanani? Chukua Sheng. Wazazi walidhani ni ugonjwa wa ujana ambao ungepona siku ya kuajiriwa. Leo wapo watu waliokua na Sheng katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, ambao wana wajukuu, na bado wanaisema. Wengine waliiacha walipovaa tai. Kwa hiyo majibu yote mawili yana ukweli, na kazi ya mtafiti ni kupambanua lipi ni lipi.

Hebu tuitie runinga katika mizani hiyo. Nilipokuwa mtoto, taarifa ya habari ya saa moja jioni ilikuwa adhabu. Tuliamriwa kunyamaza, tukakaa tukihesabu dakika hadi watu wazima watosheke na mawaziri wao. Leo mimi ndiye ninayewaamuru watoto wanyamaze, na wao ndio wanaohesabu dakika. Hilo ni la umri: anayelipa karo na kodi hana budi kujua Bunge limepitisha nini. Lakini kukusanyika watu kumi na wawili mbele ya sanduku moja lililowashwa kwa betri ya gari, katika nyumba ya jirani mwenye uwezo, kutazama kituo kimoja kwa sababu hapakuwa na kingine hadi KTN ilipozinduliwa mwaka 1990, hilo ni la kizazi. Watoto wangu hawatalifikia hata wakiishi miaka mia. Hawatajua kamwe kero ya kupanda juu ya paa kuuzungusha mlingoti wa eriali huku ukipigiwa kelele kutoka chini kwamba picha imekuja, picha imekwenda.

Wanasaikolojia nao wamelichunguza jambo hili kwa njia yao. Wameona mara nyingi kwamba mtu mzima akiombwa kusimulia maisha yake, kumbukumbu humjia kwa wingi zaidi kutoka kipindi cha baina ya takriban miaka kumi na thelathini. Muziki na filamu za umri huo hukaa moyoni kuliko za umri mwingine wowote. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameonyesha katika kazi yake ya miaka mingi kwamba mtu anapohisi muda wake duniani unapungua, huacha kuyakimbilia mapya kwa sababu ya upya wao, akachagua yale yanayomgusa. Ndiyo maana kijana huweza kuruka vipindi vitano kwa nusu saa na asiridhike, ilhali mzee hutulia na kimoja alichokizoea. Hapo hapana wa kulaumiwa.

Naomba nikae kidogo na Vitimbi, maana ndicho kipindi kilichonifunza zaidi kuhusu suala hili. Marehemu Benson Wanjau, aliyeaga dunia mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini kama Mzee Ojwang' alisema Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo kwa ustadi ambao mwalimu yeyote wa fonetiki angeuonea wivu. Sisi watoto tulicheka lafudhi. Tuliiga kesho yake shuleni, tukachapwa. Mama zetu hawakuicheka sana. Wao walicheka ugomvi wa Ojwang' na Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, kwa sababu waliujua ugomvi huo kwa undani kuliko walivyopenda kukiri. Baba zetu walicheka kwa kuchelewa kidogo, wakiangalia kwanza nani mwingine ameelewa. Kichekesho kilikuwa kimoja, na kila rika lilikula kutoka upande wake wa sinia. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Vioja Mahakamani, ambapo Kiswahili rasmi cha hakimu kiligongana na Kiswahili kilichopindwapindwa cha washtakiwa. Mtoto alicheka makosa. Mtu mzima alimcheka hakimu pia, kwa jinsi alivyojitahidi kuuzuia uso wake.

Nimekitazama tena Vitimbi nikiwa na miaka arobaini na kitu. Lafudhi hainichekeshi tena kama zamani, labda kwa sababu nchi hii imenionyesha mwaka 2008 mambo yanayoweza kufuata pale watu wanapopimwa kwa namna wanavyotamka. Lakini ugomvi wa mume na mke umeanza kunichekesha, na mke wangu anasema ninacheka kwa kuchelewa kidogo. Basi nimeuhamia upande wa sinia waliokalia wazazi wangu.

Utaona, msomaji, kwamba raha hiyo ilikuwa na sharti moja lililoonekana dogo mno hata halikutajwa: kila mtu chumbani alikuwa anasikia na kuelewa kinachosemwa. Asiyejua neno aliuliza, akajibiwa na aliyeketi karibu. Mtoto alimwuliza mama maana ya "dhamana". Nyanya alimwuliza mtoto yule Mzungu anasema nini. Nyanya yangu mwenyewe alikuwa na suluhisho jingine. Alipenda mieleka kutoka Marekani kuliko kitu chochote kilichowahi kurushwa hewani, akawalaani wale majitu waliomshambulia mwenzao akiwa amempa mgongo, na hakuna aliyeweza kumshawishi kwamba yale ni maigizo. Nilidhani anapenda vita. Siku hizi ninaamini alipenda kipindi ambacho hakikumtaka ajue Kiingereza.

Mwaka 2015, nchi ilipohamia matangazo ya dijitali, runinga za wazee wengi vijijini zilizimika kwa muda hadi mwana au mjukuu wa mjini alipoleta king'amuzi. Nyumbani kwetu kililetwa mapema. Mama yangu, ambaye sasa anakaribia miaka themanini, alitazama tamthilia za Kiswahili kila jioni kwa miaka kadhaa, kisha polepole akaacha. Runinga ikabaki imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, naye akarudi kwa redio yake na Mulembe FM. Familia ilikuwa na maelezo tayari. Amezeeka. Anapenda kusali. Ameichoka dunia na mambo yake. Dada yangu mmoja alifikia hata kumsifu kwa uchaji wa Mungu.

Nilipomwuliza, jibu lake halikuwa na uchaji wowote. "Mwanangu, mimi sijaichoka tivi," alisema. "Ngoma ninaisikia. Watu ndio siwasikii."

Alikuwa ameeleza kwa maneno machache kile ambacho mimi hukifundisha kwa muhula mzima. Sikio la binadamu, linapozeeka, hupoteza kwanza uwezo wa kunasa sauti za juu. Irabu zetu, a, e, i, o, u, zina nguvu na hukaa chini. Mzee huzisikia vizuri, na ndiyo maana hujua kwamba mtu anasema. Lakini konsonanti za mkwaruzo kama s, sh, f na th hukaa juu, tena ni dhaifu. Hizo ndizo zinazotoroka. Sasa angalia lugha yetu ilivyo. "Amefika" na "ameshika" zinatofautiana kwa sauti moja tu, na ni katika hizo zinazotoroka. "Ni yeye" na "si yeye" vivyo hivyo: ikipotea ile s, mzee hana njia ya kujua kama mshukiwa ameshtakiwa au ameachiliwa, na tamthilia nzima inageuka juu chini. Katika mazungumzo ya ana kwa ana mtu husaidiwa na midomo ya msemaji na kwa kuuliza tena. Tamthilia haiulizwi tena, na mwigizaji wa siku hizi mara nyingi anasema akiwa ametupa mgongo.

Ongeza hapo muziki. Kuna tamthilia moja, kituo chake sitakitaja, ambayo nilikaa na mama kuitazama kwa makusudi, nikiwa na kalamu mkononi kama mtu anayesahihisha mitihani. Katika tukio la msibani, ambapo siri ya urithi ilikuwa inafichuliwa, kinanda na ngoma viliwekwa juu ya sauti za waombolezaji kiasi kwamba hata mimi, mwenye masikio yasiyo na kasoro bado, nilikosa sentensi mbili. Mama alikosa siri yote. Ongeza pia umbo la runinga zenyewe: sanduku la zamani mara nyingi lilikuwa na spika mbele, likimwelekea mtu, bamba jembamba la leo aghalabu hutupa sauti yake nyuma, kwenye ukuta, au chini, kwenye meza. Na sauti hiyo imechanganywa studioni na kijana mwenye vipokea sauti vizuri masikioni, ambaye pengine hajawahi kuketi na mtu wa miaka sabini akisikiliza kazi yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya robo ya watu waliopita miaka sitini wana upungufu wa kusikia unaowatatiza maishani. Sensa yetu ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 wa umri huo. Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe, akikumbuka kwamba vifaa vya kusaidia kusikia ni ghali kwa mkulima wa kawaida.

Kuhusu Sheng katika tamthilia, sitaki kueleweka vibaya. Wapo wenzangu katika vyama vya Kiswahili ambao wangefurahi ikipigwa marufuku hewani, mimi simo. Tamthilia kama Maria, iliyoanza mwaka 2019, isingeweza kuwasemesha watu wa mtaa wa mabanda kwa Kiswahili cha vitabu bila kuwafanya vinyago, na Sultana, iliyoanza mwaka 2022, ilionyesha kwamba Kiswahili cha pwani nacho kinapendwa na vijana wa bara. Lugha hubadilika, na mwanaisimu anayeilaani kwa hilo ni kama daktari wa mifugo anayekasirikia ng'ombe kwa kuzaa. Ninachosema ni kwamba zamani neno geni lilipozuka chumbani palikuwa na wa kumwuliza. Leo mjukuu ameketi hapo hapo, lakini masikio yake yamezibwa, macho yamo katika simu, na anatazama mchezo wa kuigiza wa Kikorea kwa mwendo ulioongezwa ili umalizike upesi. Bibi amwulize nani?

Wengine watasema: si chini ya picha pana maandishi? Naam, yapo. Na hapa ndipo subira yangu inapokwisha. Tamthilia inachezwa kwa Kiswahili, kwa ajili ya Wakenya, na maandishi yanayopita chini yake aghalabu ni ya Kiingereza. Mama yangu alijifunza kusoma katika masomo ya ngumbaru ya miaka ya 1980, akiwa na mtoto mgongoni. Anasoma Kiswahili polepole lakini kwa uhakika. Biblia yake ya Kiswahili imechakaa kurasa. Anachokosa kwa sikio angekipata kwa jicho. Badala yake anapewa lugha asiyoijua kama tafsiri ya lugha anayoijua, na anayefaidika ni mtazamaji wa mbali au mnunuzi wa vipindi wa nchi za nje. Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba Mkenya hahitaji maandishi ya Kiswahili kwa sababu Kiswahili anakisikia. Aliyesema hivyo alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi.

Nchini India, Brij Kothari na wenzake walianza katika miaka ya 1990 kuweka maandishi ya lugha ile ile chini ya nyimbo za filamu zilizorushwa katika runinga ya taifa, nia yao ikiwa kuwasaidia wenye elimu haba kuimarisha usomaji wao huku wakiimba. Kwetu mpango kama huo ungewafaa viziwi, wazee, watoto wa darasa la tatu, na hata wale vijana wangu wa chuoni wanaoandika "ukweri" pale wanapotaka "ukweli".

Je, sheria inasemaje? Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zinautambua umri, lakini ni umri mmoja tu. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku vituo vinatakiwa kurusha vipindi vinavyofaa familia, ili watoto wasione yasiyowastahili. Ni jambo jema. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 nayo ilivitaka vituo viweke mkalimani wa lugha ya ishara au maandishi katika taarifa za habari, vipindi vya elimu na matukio makubwa ya kitaifa. Tamthilia na vichekesho havikutajwa, kana kwamba mtu asiyesikia vizuri anahitaji kuelimishwa tu na si kucheka. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema serikali ichukue hatua ili wazee washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na waishi kwa heshima. Sioni jinsi mtu anavyoshiriki kikamilifu katika jamii ambayo kila asubuhi inajadili tamthilia ya jana usiku, ikiwa yeye alisikia ngoma tu.

Najua jibu la vituo, kwa kuwa nimelisikia: watangazaji wa bidhaa wanawataka vijana, na vijana ndio wanaonunua. Sawa. Lakini vijana wenyewe wako wapi? Wameihama runinga. Wako katika simu, ambako hutazama vipande vya dakika mbili vya tamthilia hizo hizo na kucheka, kisha wakapita. Anayebaki sebuleni mbele ya runinga iliyowashwa kutwa, anayesikiliza matangazo ya sabuni na ya unga mpaka mwisho kwa sababu hajui namna ya kuyaruka, ni mtu wa umri wangu na kuendelea. Biashara inamkimbiza aliyekwisha kuondoka na kumpa mgongo aliyeketi.

Wala dawa yake si kurudia Vitimbi kila Jumapili mchana. Kurudia vya zamani ni kuwaambia wazee wakae na zama zao, nao hawajaomba hivyo. Mama alipopata nafasi ya kusomewa na mpwa wangu yaliyokuwa yakisemwa katika tamthilia mpya, alikaa hadi saa nne usiku, akagombana na wahusika, akatabiri mwizi ni nani, akapatia. Uzee haukuwa umeupunguza udaku wake hata chembe.

Ninachowaomba wakuu wa vipindi, nikianza na KBC ambayo ni mali ya umma, ni vitu ambavyo havihitaji tume wala warsha ya Naivasha. Muziki ushushwe watu wanaposema. Kabla ya kipindi kurushwa, aketishwe mtu mmoja aliyepita miaka sitini na mitano asikilize, na pale atakapouliza "amesema nini?" pasahihishwe. Na maandishi ya chini yawe ya Kiswahili, angalau katika marudio ya mchana. Hapo sitakubali kisingizio cha gharama, kwa sababu maneno hayo yamekwisha kuandikwa. Muswada wa Kiswahili ulikuwapo mezani kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Kinacholipiwa leo ni kuutafsiri.